Katikati ya Mto Hakuna Mwenyewe

Mpaka wa halmashauri mbili za Dar es Salaam unapita katikati ya Mto Msimbazi. Kigogo na Magomeni ziko upande mmoja, Mchikichini na Jangwani upande wa pili. Kwenye ramani iliyobandikwa ukutani ofisini mpaka huo hauna ubishi. Kwenye maji ni habari nyingine. Kwa miaka mingi kila upande ulisafisha ukingo wake, na pale katikati, ambapo mchanga hutuama na taka hunasa, hapakuwa na wa kuulizwa.

Mimi ni afisa mazingira katika moja ya halmashauri hizo. Nilikuwa kazini kabla ya mafuriko ya Desemba 2011, na bado nipo. Ninayoandika hapa ni yale niliyoyaona kwa macho yangu, vikaoni na matopeni. Ninaamini hakuna halmashauri ya bonde hili inayoweza kukabili mabadiliko ya tabianchi peke yake. Ninaamini pia kwamba ushirikiano tulioujenga, ambao ninaujivunia, una tundu moja kubwa, na tusipoliziba tutarudi tulikotoka.

Kwanza mto wenyewe. Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Hushuka kupitia Ukonga na Kinyerezi, ukapita Tabata na Vingunguti, ukapokea vijito vya Ubungo na Kimara, ukapokea Mto Ng'ombe unaotoka Sinza na Tandale, kisha ukamimina baharini kwenye Daraja la Salenda. Urefu wake ni kama kilomita 35 tu. Ila ndani ya kilomita hizo unagusa halmashauri nne: Kisarawe, Jiji la Dar es Salaam ambalo wengi bado tunaliita Ilala, Ubungo na Kinondoni. Tena Kisarawe iko mkoa mwingine kabisa. Katibu Tawala wa Mkoa wa Dar es Salaam akiitisha kikao cha mto, watu wa chanzo cha mto huo hawako chini yake. Barua yao ipande hadi TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, ndipo ishuke.

Mwaka 2011, tarehe 20 Desemba, uwanja wa ndege ulipima zaidi ya milimita 150 za mvua kwa siku moja. Hiyo inazidi mvua ya kawaida ya Desemba nzima. Watu zaidi ya 40 walikufa, maelfu wakakosa makazi, na baadhi ya familia zikapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Wakati ule wengi tuliiona kama mvua ya ajabu, ya mara moja katika maisha ya mtu. Haikuwa hivyo. Ikaja Aprili 2014, ikaja Aprili 2018, ikaja vuli ya 2019 ambapo bahari upande wetu ilipata joto kuliko upande wa Indonesia na Afrika Mashariki yote ikalowa, ikaja Oktoba 2020. Wataalamu wa hali ya hewa walitufafanulia jambo ambalo nimelirudia kwenye kila kikao cha kata tangu hapo: hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi, hubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7, na mvuke huo ukishuka unashuka kwa pamoja. Na sisi tumeongezeka chini yake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Milioni moja ya watu ndani ya miaka kumi ni mabati, zege na viwanja vilivyosakafiwa mahali palipokuwa na mihogo na mikorosho. Mvua inayoangukia bati haizami ardhini, inakimbilia kwa jirani.

Baada ya 2011 kila halmashauri ilifanya kilichokuwa ndani ya uwezo wake, na wakati mwingine jitihada ya mmoja ilimwumiza mwenzake. Ukijenga mfereji wa zege juu, maji yaliyokuwa yakizurura vichakani nusu siku yanafika chini kwa muda mfupi. Kata ya juu inashukuru, kata ya chini inaogelea. Ukiwaondoa watu bondeni bila mpango wa pamoja, wanahamia bonde lingine. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, wakati wa bomoabomoa, nyumba zilizokuwa ndani ya mita 60 kutoka mtoni, eneo linalolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zilipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Baadhi ya waliobomolewa niliwakuta baadaye kwenye miteremko ya juu, halmashauri nyingine, wamenunua vipande vya bei nafuu karibu na kijito kilekile. Kwenye taarifa yetu tuliandika kwamba wameondoka. Kwenye taarifa ya jirani walikuwa wakazi wapya.

Mtu asiyefanya kazi halmashauri huenda asijue jinsi mamlaka yalivyogawanyika juu ya jambo dogo. Chukua kalavati moja ninalolifahamu vizuri, njia ya maji chini ya barabara ya mtaa, kimo chake kinafika kifuani kwa mtu mzima. Kabla ya masika ya mwaka mmoja tulilifungua na vijana wa mtaa. Kilichotoka kwanza ni chupa za plastiki, hizo ni rahisi. Nyuma yake viroba vya taka vilivyofungwa vizuri, nepi, matairi mawili ya bodaboda, godoro la sponji lililolowa maji hadi watu wanne wakashindwa kulivuta, wakalikata kwa panga. Nyuma ya godoro ulikuwa mchanga, mweupe na safi kabisa, umejaa robo tatu ya tundu. Taka zilikuwa zetu, za halmashauri. Barabara na mtaro wake ni vya TARURA, ambayo tangu 2017 ndiyo inayosimamia barabara za mijini na vijijini. Bomba la majitaka lililopita pembeni ni la DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka. Maji ya mto na vibali vyake ni vya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ofisi yake iko Morogoro. Na ule mchanga ulitoka juu, kwenye halmashauri ambayo hatukuwa na namba ya simu ya hata mtu mmoja.

Zamani kulikuwa na Halmashauri ya Jiji iliyokaa juu ya manispaa zote. Ilianza mwaka 2000 na manispaa tatu, zikaongezwa Ubungo na Kigamboni, na yenyewe ikasimamia mambo ya pamoja kama dampo la Pugu Kinyamwezi ambako taka za jiji zima huishia. Februari 2021 ilivunjwa na hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Sababu za kuivunja zilikuwa na uzito wake. Gharama za vyombo viwili juu ya wananchi walewale zilikuwa kubwa. Ila meza ile ya pamoja ilipoondoka, haikuwekwa nyingine yenye madiwani. Kazi ya kuunganisha ilibaki kwa Sekretarieti ya Mkoa, ambayo inaweza kutuita na kutushauri lakini haina wapiga kura.

Kilichotubadilisha ni warsha za Msimbazi za mwaka 2018, kuanzia Januari hadi Agosti, zilizosimamiwa na TAMISEMI kwa msaada wa Benki ya Dunia. Nimekaa kwenye semina nyingi, hizi zilikuwa za namna nyingine. Walikuwepo maofisa wa halmashauri zote, wahandisi, watu wa bonde la maji, wahadhiri, na wakazi wa mabondeni wenyewe. Tayari kulikuwa na ramani za Ramani Huria, kazi iliyoanza 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo walipita mtaa kwa mtaa na wenyeji wakichora nyumba, mitaro na kina cha mafuriko, na ndege zisizo na rubani zikapiga picha kutoka juu. Kwa mara ya kwanza niliona bonde lote kwenye karatasi moja, likiwa halina rangi tofauti za wilaya. Mhandisi mmoja wa halmashauri ya juu aliweka kidole kwenye kata yake, akakishusha taratibu kufuata kijito mpaka Jangwani. Akatazama saa yake, akauliza maji huchukua muda gani. Mzee mmoja wa Mchikichini akamjibu kabla ya mtaalamu: ikinyesha kwenu adhuhuri, sisi tunahama alasiri.

Baada ya kikao hicho ndipo tulipobadilishana namba. Wengine wataona ni jambo dogo. Mimi naliweka juu kuliko mipango mingi iliyochapwa. Tuliunda kundi la WhatsApp la maofisa wa bonde zima, wakiwemo wenzetu wa Kisarawe ambao hawakulazimishwa na mtu. Kanuni yake ni rahisi: anayeona mvua kubwa anaandika mahali, saa, na kama kijito kimepanda. Hakuna salamu za Ijumaa wala matangazo ya harusi. Ujumbe ukitoka Pugu usiku, mimi nampigia mtendaji wa kata, yeye anawapigia wenyeviti wa mitaa, nao wanagonga milango au wanaomba kipaza sauti cha msikiti. Kuna usiku wa masika ambao Magomeni hakukuwa na tone, nyota zinaonekana, na watu walibeba watoto wakapanda juu kwa sababu ya ujumbe ulioandikwa na mtu wa mkoa mwingine. Maji yalikuja kabla ya alfajiri.

Wenyeji nao wana elimu yao ambayo ofisi zetu hazikuwa nayo. Mama mmoja muuza vitumbua, nyumba yake hatua chache kutoka ukingoni, alinionyesha ukuta wake. Kila mafuriko yameacha mstari, na juu ya mstari wa juu kabisa amepigilia misumari. Unga, mchele, vyeti vya watoto na sare za shule vinaning'inia hapo kuanzia Machi hadi Mei, kila mwaka. Akaniambia, "Mwanangu, mimi siogopi maji meusi, hayo ni ya mitaro ya hapahapa, yanapanda yanashuka. Naogopa mekundu. Mekundu yametoka mbali, na yakija yamekuja na kila kitu." Maji mekundu ni udongo wa miteremko ya juu. Mama yule alikuwa ananiambia kwa rangi kitu ambacho ripoti zetu zilikiandika kwa kurasa nyingi: hatari kubwa ya mtaa wake inatengenezwa kwenye kata ambazo hakuwahi kufika.

Kwa hiyo nilikwenda huko. Tukiwa na wenzangu wa halmashauri nyingine tulitembea kwenye kingo za juu, na nilikuta watu wana shida yao pia. Huko mto haufuriki sana, unakula ardhi. Kiwanja cha mtu kilikuwa na hatua ishirini hadi ukingoni, sasa choo kinaning'inia hewani. Vijana wanachimba mchanga kwenye kingo, wanaupakia kwenye malori, na mchanga huo unajenga jiji hilihili. Ni ajira yao. Sikukuta hata mmoja aliyekuwa anafanya kwa ukorofi. Wanajua wanapochimba ukingo mvua inayofuata inabomoa zaidi, na wanajua jioni nyumbani wanasubiriwa. Halmashauri moja ya huko, ambayo sitaitaja, ilikuwa ikitoza ushuru kwa mchanga ule. Kwao lilikuwa fungu la mapato ya ndani. Kwetu chini lilikuwa kalavati lililoziba.

Mazungumzo kuhusu mchanga yalikuwa magumu, na naona ndiyo yaliyonifunza zaidi. Kwenye kikao kimoja diwani wa juu alisema bila kuzunguka: "Wapiga kura wangu hawaishi Jangwani." Alisema kweli. Diwani anachaguliwa na kata, anaulizwa na kata, na akirudi na hadithi ya kuwasaidia watu wa wilaya nyingine ataulizwa barabara ya kata iko wapi. Aliyemjibu alikuwa ofisa kijana wa mipango. "Hawaishi Jangwani, Mheshimiwa, lakini wanapita Jangwani." Mwaka ule wa 2018 maji yalipofunika barabara ya Jangwani, mabasi ya mwendokasi yalishindwa kupita, na watu wa Kimara waliokwenda Kariakoo na Posta walikwama Magomeni, wengine wakitembea kwa miguu. Diwani alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kinachotakiwa kwake ni nini hasa. Tangu siku hiyo siendi kwa diwani wa juu nikiwa na huruma za watu wa chini pekee. Naenda na nauli, saa za kazi zilizopotea na choo kinachoning'inia kwenye kata yake. Kazi inayozuia mchanga usishuke, yaani kupanda mianzi na matete ukingoni, kuweka gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, pale maji yanapopiga, kuacha sehemu ya kiwanja bila sakafu, ndiyo hiyohiyo inayookoa viwanja vya wapiga kura wake.

Tukafikia makubaliano mazuri. Uchimbaji uhamishwe kutoka kwenye kingo kwenda pale mchanga unapojilundika wenyewe, chini, ambako kuutoa ni faida kwa wote. Vijana wa juu wapewe nafasi ya kwanza kwenye kazi hiyo. Vibali vipitie bonde la maji. Na sehemu ya ushuru irudi kununua miche na gabioni za juu. Muhtasari ukaandikwa, ukasainiwa. Muda si mrefu mkurugenzi wa halmashauri mojawapo akahamishwa, baada yake mkuu wa idara, kisha yule ofisa wa mipango akapelekwa mkoa wa mbali. Waliokuja walikuwa watu wema na wachapakazi. Nilipowapelekea muhtasari wakausoma kwa makini na kuniuliza swali la haki kabisa: hili liko kwenye kifungu gani cha bajeti?

Hilo ndilo tundu ninalolisema. Halikuwa na kifungu. Tulikuwa tumejenga urafiki wa maofisa, na urafiki wa maofisa unaondoka na barua ya uhamisho. Mfumo wetu wa bajeti unaanza kwenye mtaa, unapanda kata, unafika Baraza la Madiwani, na kila shilingi inatafuta mradi ulio ndani ya mpaka. Nikitaka fedha ya kupanda mianzi kwenye kata ya halmashauri jirani, hata kama mianzi hiyo inaokoa watu wangu kuliko ukuta nitakaoujenga mwenyewe, mkaguzi ataniuliza, na ataniuliza kwa haki.

Lakini sheria haikutufunga kama tunavyodhani. Sheria za serikali za mitaa za 1982, Namba 7 ya mamlaka za wilaya na Namba 8 ya mamlaka za miji, zinaruhusu halmashauri kuunda kamati za pamoja kwa mambo yanayowahusu wote. Maneno hayo yapo kwenye vitabu miaka yote hii, nami namwomba kila mwanasheria wa halmashauri anayesoma hapa ayafungue tena. Kamati ya pamoja ya bonde, yenye madiwani kutoka halmashauri zote nne, yenye mchango wa kila mwaka unaopitishwa na mabaraza yote manne, ingekuwa na uwezo ambao kundi letu la WhatsApp halitaupata hata lingekuwa na watu elfu. Mchango wenyewe hauhitaji kuwa mkubwa. Unahitaji kuwa na namba yake kwenye bajeti, ili mkurugenzi mpya akifungua kitabu aukute.

Najua wapo watakaosema kuna mradi mkubwa sasa, kwa hiyo tusubiri. Ni kweli upo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, wakazi wengi wa bonde la chini wamelipwa fidia na kuhama, na Jangwani itapata daraja refu la kupitisha maji chini yake. Nimeusubiri mradi huo kwa hamu kuliko watu wengi, na nawashukuru waliouhangaikia. Mradi una tarehe ya kufungwa, mchanga hauna. Bonde la chini likishachimbwa na kupanuliwa, kila masika yatalirudishia udongo kutoka miteremko ya Pugu, Kinyerezi na Kimara, na mtu atatakiwa kuutoa mwaka baada ya mwaka, kwa mafuta ya mtambo na mishahara ya watu. Nani? Swali hilo nimeliuliza kwenye vikao vya ngazi zote ninazoruhusiwa kukaa, na jibu la kweli ni kwamba itategemea halmashauri za bonde zimekubaliana nini kabla mitambo haijaondoka.

Kwa sasa tunaandaa rasimu ya sheria ndogo moja, maneno yaleyale, ipite kwenye mabaraza yote manne: sehemu ya kila kiwanja kwenye mteremko ibaki bila sakafu, nyumba mpya ziwe na mifereji ya paa na tangi la kukinga maji, na atakayekamatwa akimwaga taka mtoni alipe faini ileile awe ukingo huu au ule. Leo hii faini zinatofautiana, na wenye magari ya taka ya mitaani wanajua ni upande upi wa daraja wa kusimama. Wenzetu wa Kisarawe wameshatuma marekebisho yao, na yana akili: wanataka kipengele kinachowalipa wanavijiji wanaolinda miti ya vyanzo, wafaidike nao kwa maji yanayochelewa kushuka. Kikao kijacho kimepangwa kufanyika kabla ya mvua za masika. Safari hii tumeandika barua ya kuomba wenyeviti wa halmashauri na madiwani wa kata za mtoni waje wenyewe, pamoja na waweka hazina, na ajenda ya kwanza ni kifungu cha bajeti.